UZI: Tope la chini ya ziwa linavyojipanga mstari kwa mstari, na kwanini Ziwa Chala ni hazina yetu

Mashapo

Wakuu heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa mafuriko kuna mdau aliuliza tunajuaje kama mvua za zamani zilikuwa kubwa kuliko hizi, wakati vipimo vya mvua ukanda wetu vimeanza enzi za mkoloni tu hapo. Niliahidi nitafungua uzi maana jibu lake ni refu na ni tamu. Jibu liko kwenye tope. Sio tope lolote, ni lile laini la chini kabisa kwenye maziwa yenye kina, ambalo ukilikata wima unakuta mistari, mweupe mweusi mweupe mweusi, mingine haifiki hata milimita moja, na inashuka hivyo mita kwa mita.

Tuanze na namna tope linavyozama maana hapa ndo wengi wanaparukia. Mto ukiingia ziwani unapoteza nguvu palepale, mchanga mzito unadondoka mdomoni mwa mto, kinachosonga mbele ni unga laini wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Sasa chembe ya mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya milimita 0.002. George Stokes alishapiga hesabu yake mwaka 1851, kwamba chembe ikiwa ndogo mara kumi inazama taratibu mara mia. Yaani unga wa mawe wa milimita 0.02 kwenye maji yaliyotulia unashuka kama mita 30 kwa siku, mfinyanzi wa milimita 0.002 unashuka kama sentimita 30 tu, na maji yakiwa ya baridi sana hata hizo 30 haufiki, unacheza kwenye 20 hivi. Ziwa la mita 50 hapo unaongelea miezi minane chembe moja iko njiani inashuka tu.

Lakini kuzama peke yake hakuleti mistari, hili nalisisitiza. Mto ukileta kitu kilekile kila siku mwaka mzima, chini utapata tope moja limefanana juu mpaka chini. Mistari inataka mambo mawili yakutane: kinacholetwa kibadilike kwa majira, na huko chini kusiwe na wa kuvuruga. Kimoja kikikosekana hupati kitu.

Naendelea, ngoja nipate chai.

FundiVisima

Nimeweka kiti hapa. Sisi wachimba visima tunakutana sana na hiyo kitu, unatoboa unakuta mfinyanzi wa kijivu, mchanga, mfinyanzi tena, mchanga tena. Nasubiri nijue ni hiyohiyo au ni nyingine.

Mashapo

FundiVisima nitakujibu mkuu, usiondoke.

Mfano wa kwanza kabisa kueleweka vizuri haukutoka kwetu, ulitoka Sweden. Jamaa mmoja mtaalamu wa miamba, Gerard De Geer, mwaka 1878 alikuwa anaangalia kuta za udongo maeneo ya Stockholm akaona mistari ya mfinyanzi imejipanga kama pete za shina la mti, akaanza kujiuliza kama kila jozi ni mwaka mmoja. Na kweli. Kule zamani kulikuwa na barafu kubwa imefunika nchi nzima, ikawa inayeyuka inarudi nyuma kuelekea kaskazini, mbele yake kuna maji yametuama. Kiangazi barafu inayeyuka kwa kasi, maji yanakuja yamebeba unga wa mawe uliosagwa na barafu yenyewe, na kwa vile maji hayo ni mazito kwa uchafu yanapita chinichini sakafuni, yanatandaza tabaka nene la rangi nyepesi. Ikija baridi kila kitu kinasimama. Barafu haiyeyuki, mito imekauka, na uso wa maji umeganda kwa hiyo hata upepo hauwezi kukoroga. Hapo ndo ule mfinyanzi uliokuwa unaelea tangu kiangazi unapata nafasi ya kushuka, taratibu, miezi yote ile, unalala juu kama utando mwembamba mweusi. Masika yao yakifika unga mpya unaingia kwa kishindo juu ya ule mfinyanzi.

Ndo maana ukiiangalia jozi moja kwa karibu, kutoka kwenye unga kwenda kwenye mfinyanzi inabadilika polepole, ila kutoka mfinyanzi kwenda unga wa mwaka unaofuata ni mkato, kama umepiga rula. Na kitu kingine ambacho mimi napenda sana, lile tabaka la unga ni nene karibu na mto linakwenda likipungua kadiri unavyoingia katikati ya ziwa, lakini la mfinyanzi linakaribiana unene karibu ziwa zima, maana lenyewe limeshuka kutoka juu kila mahali kwa pamoja.

De Geer akawachukua wanafunzi wakatawanyika kupima unene wa kila mstari sehemu nyingi, halafu wanalinganisha. Mwaka wa joto kali unatoa mstari mnene kila mahali, mwaka wa baridi mwembamba kila mahali, kwa hiyo ukuta wa hapa na ukuta wa kilomita kadhaa mbele unaweza kuunganisha. Mwaka 1910 akasimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa wanajiolojia hapohapo Stockholm akaeleza kalenda ya miaka kama 12,000 iliyohesabiwa kwa tope. Jozi moja ya mwaka mmoja wataalamu wanaiita varvi.

BintiKyela

Kaka Mashapo asante sana. Sasa swali langu, huku kwetu hakuna kuganda kwa ziwa. Ziwa Nyasa liko hapohapo mwaka mzima, hiyo mistari inatoka wapi?

Kibo10

Na mimi niongezee kwa dada. Mlima Kenya na Kilimanjaro kuna barafu, kuna vijiziwa vidogo kule juu Mlima Kenya. Hivyo je?

Mashapo

Kibo10 nianze na lako maana ni fupi. Barafu ya ikweta haina kiangazi na baridi za miezi sita sita, yenyewe mchana inayeyuka usiku inaganda, kesho hivyohivyo, mwaka mzima. Ule mpangilio wa De Geer wa msimu mrefu wa kuleta na msimu mrefu wa kutulia haupo. Tope lipo na lina habari zake nyingi tu, ila usilisome kwa kanuni ya Sweden.

Dada BintiKyela, swali lako ndo moyo wa huu uzi. Huku kwetu anayegawa mwaka ni mvua na upepo. Chukua hapohapo Nyasa. Mvua zikinyesha, Songwe, Kiwira, Lufilyo, Ruhuhu zinashusha udongo kutoka milimani, maji unayaona yamebadilika rangi mbali kutoka pwani, huo udongo unazama unatengeneza mstari mweusi. Halafu mvua inakata, kuanzia kama mwezi wa tano kusi inaanza kuvuma kwa nguvu mpaka kama wa tisa. Upepo huo unapoza maji ya juu na kuyasukuma, maji ya chini yenye rutuba yanapanda, na rutuba ikifika kwenye mwanga mwani unalipuka. Kuna aina ya mwani inaitwa diatomu, mmojammoja hauuoni kwa macho, inajijengea ganda la silika, yaani kama kioo. Ikifa, maganda yanashuka kwa mamilioni yanatandaza mstari mweupe. Mweusi wa mvua, mweupe wa upepo, mwaka umeisha.

Kwa hiyo jua kwamba ule mstari mweupe wa kwetu sio mfinyanzi kabisa, ni viumbe.

Mwl wa Jiografia

Kazi nzuri mkuu. Niongeze kidogo kwa wenye watoto au wanafunzi. Chukua chupa ya maji inayoonyesha, weka udongo wa shambani kama robo, jaza maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga unakaa chini dakika hiyohiyo, unga unafuata, mfinyanzi utaukuta bado unatia ukungu kwenye maji hata kesho yake. Yakishatulia mimina udongo kidogo tena juu bila kutikisa na usubiri. Utapata jozi ya pili juu ya ya kwanza, na mpaka wake ni mkato kama alivyosema mtoa uzi. Darasani wanashangaa sana.

Mashapo

Hapo mwalimu umegonga penyewe. Na yeyote aliyekulia maji ya bwawa au ya mto anajua shabu. Unazungusha shabu kwenye ndoo ya maji machafu, baada ya muda tope lote liko chini. Kinachotokea ni kwamba chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, zinasukumana zisigusane, kwa hiyo kila moja inazama kivyake polepole. Shabu inaondoa ule msukumano, zinashikana mabonge, bonge ni zito linashuka haraka. Chumvi inafanya kazi hiyohiyo. Ndo maana mistari mizuri ya mfinyanzi inatokea kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, lakini mto ukiingia baharini au kwenye ziwa la chumvi mfinyanzi unashikana na kushuka pamoja na unga, mpaka kati yao unapotea. Hata huko Sweden sehemu ambazo maji yalikuwa na chumvichumvi mistari haisomeki vizuri kama kwenye maji matamu.

Nyumba ya Mawe

Mbona Victoria hamulitaji? Ndo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mito kibao inaingia.

Mashapo

Kwa sababu ya lile sharti la pili mkuu, asiwepo wa kuvuruga. Victoria ni pana ila kina chake cha mwisho ni kama mita 80 tu, na kwa upana ule upepo unalikoroga mpaka chini. Likikorogwa, oksijeni inafika sakafuni, oksijeni ikifika wanafika minyoo, viwavi vya wadudu wa majini, konokono, wanachimba wanakula wanageuza. Mstari wa milimita moja hauponi hapo hata mwaka.

Tanganyika ni tofauti kabisa. Kina chake kinafika mita 1,470 na oksijeni inaishia mita mia moja na kitu mpaka mia mbili na ushee kutegemea uko kaskazini au kusini. Nyasa lina kina cha kama mita 700, oksijeni inaishia kwenye mita 200 mpaka 250. Chini ya hapo hakuna samaki, hakuna mnyoo, hakuna konokono, kwa hiyo kilichotua mwaka fulani kinabaki kilivyotua. Watu wanasema ni maji maiti, na kwa mvuvi sawa, lakini huo ukosefu wa hewa ndo uliotutunzia historia.

FundiVisima

Na langu?

Mashapo

Samahani kwa kukuchelewesha. Unachokutana nacho wewe ni tabaka za mita na nusu mita, hizo sio za mwaka mwaka. Mfinyanzi wa mita mbili kisha mchanga wa mita moja maana yake mahali hapo pamebadilika kwa muda mrefu, labda palikuwa ziwa au bwawa la mafuriko, maji yakarudi nyuma ukapita mto, maji yakarudi tena. Ila ukipata bonge la mfinyanzi halijavurugwa na mashine, lipasue kwa mkono usilikate na kisu, kisu kinapaka tope juu ya mistari. Liache likauke kidogo. Mistari kama ipo itajitokeza yenyewe maana unga unakauka haraka kuliko mfinyanzi na rangi zinaachana.

Taveta Boy

Title umeandika Chala na sisi watu wa Chala tunasubiri tu 😊

Mashapo

Haya sasa Chala, kaka nilikuwa nakuja huko.

Kwa wasiopajua, ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, mpaka wa Tanzania na Kenya unakata katikati yake. Eneo ni kama kilomita za mraba 4.2 tu, lakini kina kinapita mita 90, na limezungukwa na kuta za mwamba. Hakuna mto mkubwa unaoingia, maji mengi yanakuja chini kwa chini kutoka mlimani. Ukiangalia sifa hizo unaona lilivyo zuri kwa kazi hii, dogo, lenye kina, limejificha na upepo wa pembeni, sakafu yake haina oksijeni na hakuna mto wa kuja na mafuriko ya kufuta kilichoandikwa.

Mistari yake inakwenda hivi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi hivi, majira ya ukavu na upepo, maji ya juu yanapoa, yanachanganyika kwenda chini, rutuba inapanda, diatomu zinachanua, mstari mweupe. Kuanzia kumi na moja, joto na mvua, maji yanatulia, kinachoshuka ni mabaki ya viumbe pamoja na chembechembe za chokaa zinazojiunda ndani ya maji yenyewe, mstari mweusi. Jozi moja kwa wastani haifiki milimita moja.

Wanasayansi walitoa bomba la tope, yaani tope lililochomolewa wima likiwa ndani ya bomba bila kuvurugika, la kama mita 21 likawapa miaka 25,000. Halafu mwishoni mwa 2016 wakarudi na mtambo mkubwa wakatoboa zaidi ya mita 214 chini ya sakafu ya ziwa, hapo ni kama miaka laki mbili na nusu. Laki mbili na nusu wakuu, kwenye kiziwa ambacho unaweza kukizunguka kwa mguu.

Na kilichonifanya nilipende hili jambo ni matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011. Walipima unene wa jozi wakalinganisha na miaka inayojulikana. Miaka ya La Nina, ambapo kwetu ni ukame na upepo mwingi, jozi zinakuwa nene maana diatomu zimechanua sana. Miaka ya El Nino, mvua nyingi upepo kidogo, zinakuwa nyembamba. Kwa hiyo wakawa na kipimo cha kuyumba kwa mvua kinachorudi nyuma kabla hajazaliwa mtu wa kuandika. Wakagundua kwamba wakati wa zama za barafu, miaka kama elfu ishirini iliyopita, ukanda wetu ulikuwa mkavu zaidi ila tofauti ya mwaka hadi mwaka ilikuwa ndogo. Joto lilipoongezeka mvua nazo ziliongezeka na zikaanza kuyumba zaidi. Mkulima wa Moshi au Taita anayelalamika kwamba siku hizi hazitabiriki anaongelea kitu ambacho tope la chini ya Chala linakielezea.

BintiKyela

Subiri kidogo. Huko Chala na Kilimanjaro kuna masika na vuli, mvua mara mbili. Mbona isiwe jozi mbili kwa mwaka? Mkihesabu si mtakuwa mmeongeza miaka mara mbili?

Mwl wa Jiografia

Dada hilo swali ni la chuo kikuu.

Mashapo

Ni swali zito kweli na ndo swali la kwanza ambalo mtafiti makini anajiuliza, maana kosa hapo linaharibu kila kitu. Iko hivi: anayeamua mstari mweupe sio mvua, ni ile baridi na upepo wa katikati ya mwaka, na huo unakuja mara moja. Kati ya vuli na masika kuna ukavu wa Januari na Februari lakini ni wakati wa joto, maji ya juu ni ya moto na mepesi, hayachanganyiki kwa kina kama mwezi wa saba na nane. Kwa hiyo mvua ni mbili, mchanganyiko mkubwa ni mmoja.

Lakini hawakuamini kwa maneno tu. Wanatega mitego ndani ya maji, vyombo vinavyokinga kinachozama, wanaona nini kinashuka mwezi gani. Halafu wanapima umri kwa njia nyingine kabisa. Tabaka za juu wanatumia risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi ambayo nusu yake inaisha kila miaka 22 hivi, na sizi 137 (cesium), elementi yenye mionzi iliyotoka kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia, kilele chake ni mwaka 1963, kwa hiyo ukiona kilele hicho unahesabu mistari mpaka juu uone kama hesabu inakubali. Chini zaidi wanatumia kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye mabaki ya viumbe, nayo inapungua kadiri miaka inavyokwenda. Njia zote zikisema kitu kimoja ndo unasema haya ni ya mwaka mwaka.

Kuhesabu kwenyewe kuna mitego yake. Tetemeko likipiga, tope la kwenye mteremko linaporomoka linakuja kutandaza tabaka nene kwa siku moja, wewe ukidhani ni mwaka umeliwa. Au poromoko lilelile linakwangua mistari ya chini, miaka kadhaa imepotea. Ndo maana wanahesabu watu zaidi ya mmoja kwenye mabomba zaidi ya moja, wanaloweka tope kwenye gundi maalumu likigandamana wanakata kipande chembamba mwanga unapita, wanasoma kwa hadubini.

Na wakati mwingine volkano inasaidia, maana majivu yanatua siku moja kila mahali. Ndani ya tope la Nyasa walikuta chembe za majivu ya Toba, volkano ya Indonesia iliyolipuka miaka kama 75,000 iliyopita. Chembe za kioo kutoka Sumatra mpaka Nyasa! Ukizipata umepata alama isiyobishaniwa.

Nyumba ya Mawe

Hilo Nyasa nalo lilitobolewa?

Mashapo

Ndio, mwaka 2005, chombo kikiwa kinaelea juu ya maji ya karibu mita 600, wakashuka mita 380 ndani ya tope. Miaka zaidi ya milioni moja. Ila kule mistari sio mfululizo, kuna vipande vina mistari safi na vipande tope limechanganyika, na hiyo yenyewe ni habari, maana tope lililochanganyika linasema maji yalipungua mpaka hewa ikafika sakafuni. Kuna kipindi kati ya miaka 135,000 na 70,000 iliyopita ukame ulipiga mara kadhaa, ziwa likashuka zaidi ya mita 500. Jaribu kuliwaza Nyasa bila hizo mita mia tano za maji.

Sehemu nyingine duniani ya kuifahamu ni Suigetsu, Japani. Mistari yake ilitumika kurekebisha kipimo cha kaboni 14 dunia nzima, kwenye kazi iliyotoka 2012, kurudi nyuma zaidi ya miaka elfu hamsini. Wamejenga na makumbusho, ilifunguliwa 2018, wametundika ukutani mita 45 za tope, miaka 70,000, unatembea pembeni yake. Mimi natamani sana Taveta au Holili pawe na kitu kama hicho, kipande cha Chala kwenye ukuta, watoto wa pande zote mbili za mpaka wapite waguse kioo waone mwaka wa njaa uko wapi na wa mafuriko uko wapi. Tope lilitoka kwetu.

Taveta Boy

Naunga mkono kwa mikono miwili. Wageni wanakuja wanapiga picha ya maji ya bluu wanaondoka, kuhusu hili hakuna anayewaambia.

FundiVisima

Sasa mtu akitaka kuona kwa macho tabaka za ziwa bila bomba wala mtambo aende wapi?

Mashapo

Kenya nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi, wote ule ni maganda ya diatomu za ziwa lililokuwepo zamani. Olorgesailie pia, njia ya Magadi, kuta nyeupe za sakafu ya ziwa lililokauka na zana za mawe za binadamu wa kale humohumo. Ukifika usikimbilie kuhesabu miaka, kwanza angalia mipaka ya mistari ni mkato au imefifia, angalia kama kuna matundu ya mizizi au ya wadudu, na angalia kama mstari mmoja unaweza kuufuata ukutani mita kadhaa bila kukatika. Ukiona mizizi ujue pale maji yalikuwa mafupi au yameondoka kabisa, hapo hakuna kalenda. Na bonge ukiliokota liangalie ulirudishe, yale maeneo yanalindwa.